Mtoto Aliyekutwa Kasrini

Palikuwa na sultani mmoja aliyeitwa Harithi, mnene wa mwili, mwembamba wa subira. Siku moja mtoto wa mpishi alimvunjia birika lake la kaure. Birika lenyewe lilikuwa linavuja tangu enzi za baba yake! Lakini nyie mnawajua wakubwa, chombo chao kibovu kina thamani kuliko mwana wa mtu. Akatoa amri: mtoto yeyote atakayekutwa ndani ya kasri ni mali ya sultani. Hatoki tena. Kazi yake itakuwa kumshikia bwana mkubwa kopo la kutemea kokwa za tende, mpaka aote mvi.

Siwa ikapulizwa, lile baragumu kubwa la pembe. Na katika mji ule, neno likishapuliziwa siwa halirudi. Hata sultani mwenyewe alililie, halirudi.

Sasa, kasrini mle alikuwamo Bi Mize, kikongwe wa meno mawili na ulimi wa watu kumi. Kazi yake ilikuwa kumkanda sultani miguu kila mchana na kumwimbia mpaka apitiwe na usingizi. Nyumbani alikuwa na mjukuu, Siwatu, miaka sita hivi, yatima wa baba na mama. Jirani ndiye aliyekuwa akimwangalia. Siku hiyo jirani kaamka na homa. Bi Mize afanyeje? Asipokwenda kazini, chungu hakipandi jikoni. Akimwacha mtoto peke yake, kisima cha uani hakina mfuniko.

"Twende, mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo bibi na mjukuu wanavyotaniana.

Mlangoni askari akawazuia. "Mama, mtoto huyo?"

"Mtoto wapi! Mke mwenzangu huyu."

Askari akacheka, wakapita.

Ndani, sultani alikuwa anakula. Kula gani! Alikuwa analishwa. Mmoja anamtia matonge, mwingine anamfuta ndevu, wa tatu anamvua viatu ili akalale. Siwatu akachungulia nyuma ya kanga ya bibi yake, na hapo ndipo wakaonana uso kwa uso.

"Mtoto!" sultani akaruka, wali ukamtokea puani. "Mtoto kasrini! Mshikeni!"

Moyo wa Bi Mize ukalipuka paa. Damu yake pekee iliyobaki duniani, ikashike kopo la kokwa mpaka izeeke? Thubutu! Akamvuta Siwatu karibu, akauliza kwa sauti ya maziwa, "Mtoto yupi, bwana?"

"Huyo!"

"Huyu mke mwenzangu."

"Usinitanie! Mimi si mjukuu wako!"

"Alhamdulillahi."

Watumishi wakakohoa. Mnakijua kikohozi cha namna ile.

"Huyo ni mtoto," sultani akanguruma. "Huoni alivyo mfupi?"

"Naona. Anamfika waziri begani. Basi na waziri aje ashike kopo."

Waziri, maskini, akasimama kwa ncha za vidole.

"Si kimo! Tazama kinywa! Ana mapengo!"

"Yeye mapengo ndiyo mawili. Mimi meno ndiyo mawili. Nani mtoto zaidi?"

Uso wa sultani ukamwiva. "Kikongwe wee! Mtoto ni asiyejiweza! Kula, alishwe! Kuoga, aogeshwe! Kuvaa, avishwe! Kulala, mpaka aimbiwe! Huyo ndiye mtoto!"

"Nimesikia mimi, bwana, lakini mji haujasikia. Na wewe umeshageuza maneno mara mbili sasa hivi. Kesho utakuja na la nne."

"Mimi kigeugeu? Mimi? Pulizeni siwa!"

Siwa ikalia. Mbiu ikapigwa mtaa kwa mtaa, mpaka wauza mboga sokoni wakajua mtoto ni nani.

Bi Mize akashusha pumzi. Kisha akasogeza sinia ya tende.

"Kula, mke mwenzangu."

Siwatu akaokota tende, akala, kokwa akaitemea kiganjani mwake mwenyewe.

"Leo kakuogesha nani?"

"Nimeoga mwenyewe. Wewe ndiye niliyekusugua mgongo."

"Kanga hiyo kakufunga nani?"

"Mimi. Na yako nimekufunga mimi, ulikuwa unalalamika kiuno."

"Na kulala, unaimbiwa?"

"Sauti yako mbaya, bibi. Nawahi kulala nisiisikie."

Mtia matonge alikuwa bado kashika tonge hewani. Mfuta ndevu kitambaa kimemganda mkononi. Mvua viatu alikuwa kaupakata mguu wa bwana mkubwa. Wote wakageuza macho polepole, wakamtazama sultani. Mdomo wa chini wa sultani ukaanza kutetemeka.

"Waziri," akanong'ona, "ile siwa..."

"Imeshalia, bwana."

Bi Mize akamshika mjukuu wake mkono. "Sheria ni sheria. Mtoto akikutwa kasrini ni mali ya sultani. Umeshampata, bwana, kaa naye. Sisi watu wazima tunakwenda zetu."

Walikuwa wameshafika mlangoni sultani alipopata sauti. "We mama! Ukienda, mimi nani atanilaza?"

Bi Mize akageuka.

"Kesho nitakuja, bwana. Lakini na mke mwenzangu nitakuja naye. Mtoto mkubwa hivi, peke yangu simwezi."