Sikio la Kupimia Pembe

Mwaka ule ukame ulikausha visima vyote vya nyika, likabaki dimbwi moja tu. Simba, kwa kiburi chake, akatangaza kwamba yeye si mla watoto: pale dimbwini angeua tandala dume ambaye pembe zake zinazidi masikio yake mara tatu, na wengine wote wanywe kwa amani. Pembe angezitundika mlangoni, wageni wazione.

Macho ya Simba yalikuwa yamefifia, ila yeye kukiri hilo, thubutu. Akamweka Fisi juu ya kichuguu ampimie. Hebu fikirini, Fisi! Ujira wake ulikuwa matumbo na mifupa ya kila windo, na tangu azaliwe hajawahi kushiba.

Kila siku Fisi alisema, "Mara nne, mzee," na kila siku Simba akaruka bila kutazama. Madume wakaisha. Mama Tandala akabaki na mwana mmoja, pembe ndiyo kwanza zinachipua, siku ya tatu hajanywa maji. Akamwendea Sungura akilia.

Sungura akangoja siku ambayo Simba alipata wageni, simba watatu kutoka ng'ambo ya korongo. Akazisifia pembe za mlangoni, kisha akaomba zipimwe mbele yao. Kichwa kimoja kilikuwa bado na sikio lake, limekauka. Wakapima kwa hilo. Mbali na chache za mwanzo, hakuna pembe iliyolizidi hata mara mbili.

"Kumbe mwenzetu anawinda ndama," mgeni mmoja akasema, wakacheka mpaka wakakaa chini.

Simba akamwita Fisi, akamuuliza alikuwa anapimia nini.

"Sikio, mzee."

"Sikio la nani?"

Fisi akainamisha kichwa, na vile visikio vyake vya mviringo vikaonekana na wote.

"Lake mwenyewe, mzee," Sungura akasema. "Ndilo lililokuwa karibu."

Simba akamtandika kofi la kiuno, Fisi akakimbia akichechemea.

Kesho yake mwana wa Tandala alifika dimbwini. Simba akasogea, akakodoa macho yake mwenyewe mpaka yakatoka machozi, akaona vijipembe visivyofika hata ncha ya sikio. Akaona aibu.

"Kunywa," akasema, akaondoka na njaa yake.

Naye Fisi, kiuno kimeshuka kama mnavyomwona hadi leo, hukaa mbali akitazama wenzake wakila.