Wajomba wa Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanafagia nyua zao, Bi Pimbi aliishi juu kabisa mlimani, kule ambako umande huganda ukawa mweupe kama chumvi. Migomba ilikataa kuota huko. Mianzi ilikubali. Barafu ikiilemea, iliinama. Jua likitoka, iliinuka, fyuu!

Kwa mianzi hiyo Bi Pimbi alijenga nyumba, akasuka vikapu, akakata vikombe. Hata kinywaji kitamu alikikinga kwenye machipukizi yake.

Jioni moja ya kipupwe mlango ulisukumwa, kubu! Wakaingia Nyati na Chui, meno yakigongana.

"Hodi hubishwa nje, mabwana, si ndani," alisema Bi Pimbi.

"Kelele!" Nyati akaguna. "Kuanzia leo nyumba hii ni yetu. Wewe na vitoto vyako mtalala nje."

"Nje? Watoto watakufa kwa baridi, Bwana Nyati!"

"Basi waache humu," alisema Chui, akilamba masharubu. "Nitawapasha moto mwenyewe."

Watoto wakajificha nyuma ya mama yao. Bi Pimbi akautazama moto uliokuwa ukififia, akalitazama rundo la mianzi mibichi kando ya ukuta. Alimjua Nyati: ukimwambia kushoto, huenda kulia. Akapiga magoti.

"Shikamooni, wakubwa. Tunatoka. Ila nawasihi, mwanzi hautiwi motoni mzima. Kwetu hupasuliwa kwanza, kila pingili. Niacheni niwapasulie."

Nyati akacheka mpaka pembe zikagonga dari, ko! "Mjanja wewe! Unataka kuota moto wetu kwa kisingizio cha kupasua kuni. Chui, tia!"

"Jamani, msitie!"

"Tia yote!"

"Mama yangu! Yote?"

Chui akatia yote. Bi Pimbi akawaswaga wanawe nje, wakajibanza nyuma ya jiwe.

"Zibeni masikio," akawanong'oneza. "Kila pingili imefungwa huku na huku. Hewa ya ndani ikipata moto, haina pa kutokea..."

PAA!

"Nani huyo?" Nyati akafoka ndani.

"Shikamoo, mjomba!" Bi Pimbi akaita. "Karibu! Wamo humo humo!"

PAA! PAA!

"Eh, na mjomba mdogo kaja! Anza na yule wa madoadoa!"

PAA! PAPAPAA! Majivu yakaruka. Chui akachomoka dirishani, mkia ukifuka moshi. Nyati hakuuona mlango. Alipita ukutani, akaenda nao shingoni mpaka bondeni, kwacha, kwacha, kwacha!

"Mama," akauliza kitinda mimba, "wajomba wenyewe wako wapi?"

"Wamekuwa majivu, mwanangu. Niletee panga, tukakate ukuta mwingine kabla jua halijazama."

Mgeni asiyemsikiliza mwenyeji hufundishwa na kuni.