Upinde wa Chepe

Paukwa!

Pakawa!

Aliye mbali asogee, mwenye mtoto ampakate.

Hapo zamani za kale wanyama walishika pinde. Kila nyumba upinde wake, wa kulindia shamba. Bi Nguchiro aliishi na mdogo wake, Chepe. Upinde wa nyumba yao waliachiwa na marehemu baba, na Chepe ndiye aliyeubeba.

Mwaka mmoja ziwa la mbali likakauka. Kenge wakahama, wakaja. Wakaomba pa kukaa, wakapewa. Chepe hakuwataka. Akiwaona, hutema mate. "Ngozi kama gome, ulimi wenye panda. Hawa nao ni wa kukaa nasi?"

Siku moja Kenge mzee alikuwa anateka maji kisimani. Fyuu! Ta! Mshale ukamwingia begani.

Chepe akaitwa barazani. Pofu, swala mkubwa kuliko wote, mkuu wa baraza, akamuuliza, "Alikuibia?"

"Hakuniibia."

"Alikutukana?"

"Hata salamu hatujapeana."

"Basi kosa lake nini?"

"Kosa lake ukenge wake."

Baraza likamtia hatiani. Akaambiwa amtekee majeruhi maji mpaka apone. Kisha Pofu akasema, "Naleta sheria. Atakayehukumiwa kwa kumpiga mwenzake kwa chuki ya jinsi alivyozaliwa, asishike upinde tena. Mnasemaje?"

Bi Nguchiro akasimama. Alijua kusema, huyo. "Wazee, kijana amekosa, ameadhibiwa. Upinde ni wa marehemu baba. Leo mkiuchukua, kesho mtakuja kung'oa pembe za Mbogo."

Mbogo akakoroma. Nungunungu akatikisa miiba, chaka-chaka, chaka-chaka. "Hatutaki. Hatutaki." Sheria ikaanguka.

Kenge walikaa nyuma kabisa. Wakainuka, wakaenda zao.

Njiani Chepe akacheka. Bi Nguchiro naye akacheka, maana ameshinda. Lakini walipofika nyumbani akamsikia Chepe akinoa mishale, kwaru, kwaru.

"Unainoa ya nini?"

"Ya shamba, dada."

Mavuno yalikwisha kuingia ghalani. Shambani hapana kitu cha kulinda. Bi Nguchiro akajua. Akanyamaza.

Kulipokucha, fyuu, ta. Binti wa Kenge alikuwa anaokota kuni. Hakuinuka tena.

Bi Nguchiro akaenda msibani. Alitaka kukaa mlangoni, asionekane. Mama wa marehemu akamsogezea mkeka. "Karibu, dada. Pole kwa kutembea." Heri angemtukana. Akaletewa maji, akayaweka chini. Akainama, akakaa ameinama hivyo hivyo mpaka waliposema wanakwenda kuzika.

Akarudi barazani. Safari hii hakujua kusema.

"Chepe ndiye aliyevuta upinde. Mimi ndiye niliyemrudishia mkononi. Tena nilimsikia akinoa, nikanyamaza. Ile sheria ileteni."

"Na pembe zangu?" akauliza Mbogo.

"Pembe zako hakuna aliyezitaka. Nilikutisha tu, ukatishika."

Mbogo akatazama chini. Nungunungu naye akalaza miiba yake. Wote walikuwa wamepiga kelele siku ile, na wote walikumbuka.

Sheria ikapita. Bi Nguchiro hakusubiri kutumwa. Akaenda nyumbani, akaushika upinde.

"Dada," Chepe akasema, "mimi si damu yako?"

"Damu yangu. Ndiyo maana naona haya."

Akaupeleka kwa Pofu. Chepe mwenyewe akapelekwa barazani kujibu damu aliyomwaga.

Kenge hawakuacha kumsalimu Bi Nguchiro. Wakikutana naye njiani, "Hujambo, dada?" Naye huitika, "Sijambo," macho chini. Akazeeka, na macho bado chini.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo. Aliyemuumiza mwenzake kwa chuki, usimrudishie silaha kwa kuwa ni ndugu yako. Na haya zikija nyuma hazimfufui aliyekufa.

Hadithi yangu imekoma hapo. Iliyobaki kaeni nayo ninyi.