Ncha ya Kijiko

Waliosema "kawia ufike" hawakuwa wavivu. Walikuwa watu wa safari, na walijua kwamba njia ya mlimani ikilowa mvua haimheshimu mwenye haraka. Humwangusha, na wenzake humkuta chini ya kilima ameshika kiuno, mzigo wake umemwagika. Anayepima hatua huchekwa njiani, tena huchekwa sana. Lakini hufika, na mzigo wake hufika naye. Mzigo wa Atuganile ulikuwa mtoto mwenye uzito wa kuku mmoja.

Anyitike alizaliwa mwezi wa Juni, mwaka 1954, wakati ambapo baridi ya Rungwe hung'ata mpaka kwenye mifupa. Alikuja miezi miwili kabla ya siku zake, njiti wa kweli, ngozi yake laini na nyembamba kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Wiki hiyohiyo wifi yake Atuganile, Yudith, alijifungua Saulo, dume la mtoto lililolia hadi ng'ambo ya mto wakasikia. Basi watu wakapata mizani. Kila aliyekuja kumtazama mmoja alipita kumtazama wa pili, na kila aliyetoka kwa Saulo aliingia kwa Anyitike akiwa amekwisha kunyamaza.

Baba wa mtoto, Jailos, alikuwa Chunya akichimba dhahabu. Atuganile aliishi kwa mama mkwe wake, Damari, mwanamke mwenye mikono mikubwa na moyo mkubwa kuliko mikono. Baba mkwe, mzee Fanueli, alikuwa na nyumba yake ng'ambo ya kijito, maana kwa Wanyakyusa mke hamtazami baba wa mumewe, wala baba huyo hamtazami mke wa mwanawe. Mzee alipokuja alikohoa tangu mbali. Atuganile aliposikia kikohozi hicho alijifunika shuka kichwani na kukimbilia migombani, hata kama alikuwa na unga mikononi. Hakuona haya kwa desturi hiyo. Ilikuwa heshima, na heshima aliijua.

Siku arobaini za kwanza mtoto alilala katika pamba kwenye zahanati ya misheni, chini ya uangalizi wa mkunga Matilda, mwanamke wa Kihehe aliyejifunzia kazi Tosamaganga na aliyezungumza kama mtu anayepigilia misumari.

"Umri wake uhesabu tangu siku aliyopaswa kuzaliwa, si tangu siku aliyozaliwa," alimwambia Atuganile walipoagana. "Akikaza shingo, akikaa ukimwegemeza, akikutazama unavyokula mpaka mate yakamtoka, hapo umwanzishe chakula. Ncha ya kijiko. Kitu kimoja kwa siku tatu, ndipo kingine. Na akimaliza usimlaze, mshike wima, maana mlango wa tumbo lake bado haujajua kujifunga."

"Na watu wakisema?"

"Watasema. Mdomo ni wao, mtoto ni wako."

Watu walisema. Anyitike alikuwa akinyonya vizuri, kisha maziwa yakarudi, mara puani, mara begani kwa mama yake, na kila nguo ya Atuganile ikanuka maziwa yaliyochacha. Saulo alipotimiza miezi minne alianza uji, na mashavu yake yakaumuka kama maandazi.

"Wifi," Yudith alimwita siku moja kisimani, wanawake wote wakisikia, "wa kwako anakula lini? Au unangoja aote ndevu kwanza?"

"Akiota ndevu atakuwa ananyoa, wifi. Wa kwako hata nywele hana."

Kisima kizima kilicheka. Atuganile aliinua mtungi wake, shingo imenyooka kama mkuki, akaondoka. Alipofika nyumbani alimtazama mwanawe mwenye vifundo vyembamba, na kicheko chote kikamkauka. Si kwamba hakuogopa. Aliogopa kila siku. Ila alikataa kuogopa mbele za watu.

Jumamosi moja ya Desemba mzee Fanueli alikohoa njiani. Atuganile alimweka mtoto mikononi mwa Damari na kukimbilia migombani. Akiwa huko, nyuma ya ukuta wa matete, alisikia kila neno.

"Mjukuu wangu ana miezi sita," alisema mzee. "Mbona namwona kama wa miwili? Anakula nini?"

"Ziwa, mume wangu."

"Ziwa tu? Mwenzake Saulo anamaliza bakuli. Mpe uji ale, nimwone."

Uji wa ulezi ulikuwa jikoni, wa watu wazima. Damari hakuwa na ubaya. Alifanya alivyofanyiwa na mama yake, na mama yake na bibi yake: alimlaza mtoto mapajani chali, akakunja kiganja kikawa kama bakuli chini ya kidevu, akamziba pua kwa kidole ili mdomo ufunguke, akamimina. Anyitike alikohoa mara moja. Kisha hakukohoa tena.

Atuganile aliyajua matapishi ya mwanawe kwa sauti, kama mchungaji anavyomjua ng'ombe wake kwa kengele. Ukimya ule hakuujua. Shuka likamwanguka, na kabla hajaliokota miguu yake ilikuwa imekwisha kuamua. Aliingia mlangoni kichwa wazi, mbele ya baba mkwe wake, akamnyakua mtoto aliyekwisha kuwa na midomo ya rangi ya zambarau, akampindua kifudifudi juu ya mkono wake, akampiga mgongoni. Mara tatu, mara nne. Donge la uji likatoka, na nyuma yake kilio chembamba.

Damari alikuwa amepiga magoti. Mzee Fanueli alikuwa amegeuza uso wake ukutani ili asimtazame mke wa mwanawe. Alitoka kinyumenyume.

Kesho yake Damari alirudi kutoka ng'ambo ya kijito na maneno ya mzee. Aliyasema huku macho yake yakiwa chini.

"Kosa la kuingia amelisamehe. Anasema aliona mwenyewe kilichokuingiza. Lakini la mtoto kukonda hajalisamehe. Jailos anakuja Pasaka. Siku hiyo mjukuu wake ale mbele yake, ashibe, na chakula kikae tumboni. Kisipokaa, mtoto anawekwa mikononi mwangu nimlee mimi, na wewe utakuwa unaitwa kunyonyesha tu."

"Na atakayemlisha siku hiyo ni nani, mama? Mimi siwezi kukaa mbele ya mzee."

Damari alivitazama viganja vyake. "Ni mimi, mwanangu. Nani mwingine?"

Kumlisha mwanawe polepole, hilo Atuganile aliliweza. Sasa ilimpasa amfundishe upole yule aliyekaribia kumuua kwa haraka, naye ni mkwewe, aliyelea watoto kabla yeye hajazaliwa. Mwingine angerudi kwao na mtoto wake mgongoni. Atuganile alichota maji, akanawa uso, akasema, "Basi tutajifunza wote wawili, mama."

Hakuanza siku hiyo, wala wiki hiyo. Alingoja shingo. Mwisho wa Januari Anyitike aliegemezwa kwenye tumbo la bibi yake, akakaa wima kama chifu, akautazama mkono wa mama yake uliokuwa ukipeleka ndizi mdomoni. Mkono ulipanda, macho yakapanda. Mkono ukashuka, macho yakashuka, na udenda ukamtiririka mpaka kifuani.

"Leo," alisema Atuganile.

Aliponda kipande cha ndizi mbivu kisichozidi ukucha wa dole gumba, akakilainisha kwa maziwa yake mwenyewe, akachukua kijiko kidogo cha mti na kugusa midomo ya mtoto kwa ncha yake. Anyitike alikunja uso kama mzee aliyeonja dawa. Ulimi ukatoka na ndizi, kisha ukarudi kuitafuta. Ncha ya pili. Ncha ya tatu.

"Imetosha," alisema Atuganile.

"Imetosha! Hata sisimizi hajashiba!" Mkono wa Damari ulikuwa umekwisha kujikunja wenyewe, kiganja kikawa bakuli.

"Mama, mkono."

Damari alikikunjua, akaukalia mkono wake kabisa, kama mtu anayemkalia mbuzi mkorofi asitoroke. Walimshika mtoto wima kwa kupokezana mpaka jua likavuka mti wa mparachichi. Hakikurudi kitu.

Ikawa hivyo siku tatu kwa ndizi. Siku tatu nyingine kwa kiazi kitamu. Uji mzito wa ulezi ulikaa. Uji mwepesi ulirudi wote, na Atuganile akajifunza kwamba tumbo la mwanawe linapenda kizito kidogo kuliko chepesi kingi. Maharage yaliyopondwa yalimharibia usiku mzima, akayaacha mwezi mzima. Kuna juma ambalo kila kitu kilirudi, akarejea kwenye ziwa tupu na kuanza upya kwa ncha moja. Yudith alipita akamkuta katika kazi hiyo.

"Wifi, unalisha mtoto au unalisha ndege?"

"Ndege, wifi. Subiri uone akiruka."

Jioni moja Damari aliacha kuukalia mkono wake. Alikuwa ameshika kijiko, na mtoto alikuwa amefunga mdomo na kugeuza uso. Damari alikirudisha kijiko bakulini.

"Nilizika wawili mwaka wa njaa," alisema. "Walifunga midomo hivihivi, nami sikuwa na cha kuwapa. Tangu siku hizo mtoto akifunga mdomo, mimi nasikia jembe likichimba."

Atuganile alisogea akakaa ubavuni mwa mkwewe, bega kwa bega. Baadaye alisema kwa sauti ya chini, "Huyu hafungi kwa njaa, mama. Anapumzika. Mtazame."

Wakamtazama. Punde Anyitike aligeuka mwenyewe, akafungua mdomo.

"Loo!" alisema Damari, na machozi yakamtoka akicheka. "Kumbe anaomba!"

Pasaka ilifika, na Jailos akafika nayo, kope zake zimejaa vumbi jekundu la Chunya. Habari alizopelekewa huko zilikuwa za mtoto wa kulala kwenye pamba. Alimkuta mtu anayekaa peke yake na kumvuta baba yake masikio. Mchana ule kikohozi kilisikika njiani. Atuganile alimkabidhi Damari kijiko na bakuli, akajifunika shuka vizuri, akaenda migombani. Jailos, Yudith na Saulo wake mgongoni, na majirani wawili watatu waliopenda mambo ya watu, walikwisha kujaa nyumbani.

Yeye hakuona kitu. Alisimama kati ya migomba, kiganja juu ya shina lenye maji, akasikiliza.

"Anza," ilisema sauti ya mzee.

Kimya. Kijiko kikagonga ukingo wa bakuli. Kimya tena, kirefu.

"Mbona unangoja? Ongeza!"

"Anameza, mzee."

"Mdomo uko wazi, jaza! Pasaka ijayo itatukuta hapa."

Kiganja cha Atuganile kilijikaza kwenye mgomba. Aliuona mkono ule akilini mwake, mkono mkubwa, ukianza kujikunja. Kisha akaisikia sauti ya mkwewe, na kamwe hakuwa amewahi kuisikia ikipanda hivyo mbele ya mumewe.

"Kaa utulie, baba Jailos! Huyu ni mtu, hajazwi kama debe. Kama una haraka, nenda kamlishe ndama wako!"

Mtu mmoja aliguna, mwingine akacheka puani. Kijiko kiligonga, kikangoja, kikagonga. Jua lilisogea upana wa jani. Hatimaye Damari alisema, "Amegeuza uso. Ameshiba. Sasa tunamshika wima, na nyinyi wote mtangoja pamoja nami."

Wakangoja. Hata Saulo alinyamaza. Huko migombani Atuganile alihesabu pumzi zake, akapotea, akaanza upya, masikio yake yakitafuta sauti ile ya maziwa yanayorudi. Haikuja. Ilikuja nyingine: mbweu moja nzito, ya mtu aliyekula na kushukuru, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

"Amekula bakuli lote," Yudith alisikika akisema taratibu. "Lote, na halijarudi hata tone."

Mzee Fanueli alitoka mlangoni. Hakutazama kule aliko mke wa mwanawe, maana heshima ni heshima. Aligeukia upande wa bonde, akapaza sauti kama anayeongea na shamba lake.

"Enyi migomba! Mnanisikia? Mwambieni aliyesimama kati yenu kwamba mtoto ni wake kumlea, na asiulizwe tena na mtu, hata mimi. Ndaga, asante, mama. Nilikuharakisha, nikakaribia kumzika mjukuu wangu. Wewe ulikawia, ukamfikisha."

Chini ya shuka lake Atuganile aliinua kichwa, juu kuliko alivyokiinua siku yoyote kisimani. Kutoka nyumbani Anyitike aliita, si kwa kilio, kwa sauti ya mtu anayetaka kingine, na mama yake akajibu kwa kicheko. Mwenye haraka alikaribia kuumwaga mzigo njiani. Mwenye kupima ncha ya kijiko aliufikisha salama. Kweli, kawia ufike.