Jino la Pandu na Walioshika Jicho

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa kinywa, pakawa na meno, pakawa na bwana asiyetaka kukifunua!

Jamani, niwieni radhi mapema. Hadithi hii naiharibu. Aliyenihadithia alinisahihisha mara tatu, na mara zote tatu nikamwambia hajui.

Hapo kale, mjini Mgegoni, palikuwa na mshona kofia jina lake Pandu. Kofia zake zilikuwa na tundu ndogo kama macho ya sisimizi. Kazi ya macho hiyo! Siku moja gego lake la juu, upande wa kulia, likaamka kabla yake. Du! Du! Du! Shavu likaumuka kama andazi.

Umewahi kuumwa jino wewe? Basi kaa kimya, adhabu ya kaburi aijua maiti.

"Huyo mdudu," akasema Shangazi Subira. "Mfukizeni atoke!"

Pandu akagubikwa shuka, akafukizwa mbegu za tunguja, akakohoa hata paka wakahama. Mdudu hakutoka. Du! Du! Du!

"Ugoro tu, shemeji," akasema Ngwali, kaka wa mkewe. Pandu akapakwa ugoro. Akapiga chafya kumi na tisa, na kila chafya ilipita kwenye jino kwanza. Du! Du! Du!

"Sukutua maji ya karafuu, baba," akasema mama mkwe. Akasukutua. Jino likanyamaza. Kumbe linavuta pumzi! Du! Du! Du!

Ndipo Mize, mkewe, akasema, "Mume wangu, twende kwa tabibu wa meno."

Nyumba nzima ikaruka. "Jino la juu? Lina mshipa mpaka jichoni! Likitoka, jicho nalo latoka!"

Pandu akaitazama sindano yake. Akaitazama kofia. Akalia. Ang'oe jino, ashone na nini? Aliache, alale vipi?

Wakaenda, mgonjwa mmoja na ndugu kumi na mmoja. Tabibu alikuwa Bi Mwanaiki, mama mwenye mikono mizito na subira nyepesi.

"Jino na jicho havijuani," akasema. Hawakuamini.

"Havijuani hata kwa salamu!" Hawakuamini.

Mara ya tatu akashusha pumzi. "Haya, kweli. Lishikeni hilo jicho, lisitoke."

"Alaa!" wakashangilia. "Huyu ndiye tabibu!"

Shangazi akaliziba jicho la kulia kwa kiganja. Ngwali akaziba la kushoto, lisije likaona wivu likafuata. Wengine wakashika masikio, wengine miguu. Mama mkwe, kwa heshima, hamgusi mkwewe, akashika kiti.

Kwa kuwa Pandu hakuiona koleo, hakurusha hata teke. Kwacha! Gego likatoka.

"Jicho lipo?" wakauliza.

"Sioni!" Pandu akapiga yowe. "Giza! Giza tupu! Nimepofuka!"

Loo, msiba! Shangazi akaangua kilio, mkono pale pale. "Mwanangu, kofia zako nani atazishona?"

"Na ile baiskeli," akasema Ngwali, "nitaitunza mimi. Kipofu ataendesha kwenda wapi?"

"Shemeji, usiiguse baiskeli yangu!"

"Tulia, shemeji. Wewe sasa ni mtu wa kuombewa dua."

Ngwali akauondoa mkono, mbio mlangoni. Mwanga ukaingia. Pandu akaruka kitini na damu mdomoni. "Ngwali! Nakuona! Rudi hapa, mwizi wewe!"

"Moja limerudi!" wakapiga vigelegele.

"Shangazi," akasema Bi Mwanaiki polepole, "toa mkono na wewe."

Akatoa. La pili likarudi. Shangazi akajishika kiuno. "Mnaona? Tusingelishika, leo lingekuwa ndani ya bakuli!"

Bi Mwanaiki akaifuta koleo yake. Akaita, "Mwingine!"

Pandu akashona kofia mpaka uzeeni. Na tangu siku hiyo, ukipita kwa tabibu wa meno, utaona benchi limejaa: mgonjwa mmoja, washikaji kumi na mmoja.

Hadithi imeng'oka, pengo nawaachia. Ikiwa tamu, tafuneni wote. Ikiwa chungu, nitemeeni mimi. Maana hapa nilipo, mjuzi wenu, gego la juu linanipiga tangu mwaka jana, na siendi: ndugu zangu ni tisa tu.