Kwa Nini Maji ya Mji Wetu Hukataa Sabuni

Siku hiyo walikuwepo Mwanaesha na mwanawe mchanga wa siku thelathini na tisa. Bi Mashavu, mama mkwe wake. Na Mzee Bwanakheri, jirani yao aliyewachimbia watu misingi ya nyumba. Chini ya miguu yao walikuwepo Jiwe na Maji. Bahari naye alikuwepo, ila yeye hakualikwa.

Zamani hizo Maji hakukaa chini ya ardhi. Alitembea juu, mchana kweupe, akitoka vilimani na kupita katikati ya mji huu wa pwani kama mtu anayekwenda kusalimia ndugu zake. Alikuwa mwepesi. Ukipaka sabuni mara moja tu, povu lilikufika viwikoni. Sufuria zilichemshiwa maji miaka na miaka, na ndani zikabaki zinang'aa. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kitu kizuri unachokipata kila siku hukiulizi.

Bahari peke yake ndiye aliyekuwa na neno. Kila Maji alipofika karibu na mikoko, Bahari alimwita, "Ingia ndani, mdogo wangu, mbona unaishia mlangoni?"

"Leo nina haraka, dada," Maji alijibu, akageuka. Aliogopa kuingia akapoteza utamu wake.

Mwaka mmoja jua liliwaka sana. Maji akakonda, akawa anatembea kwa taabu. Ikafika siku ya bamvua, siku bahari inapojaa kuliko siku zote, na Bahari akapanda mpaka mjini kumfuata. Maji akakimbia huku na huku, mwisho akabisha hodi kwa Jiwe, lile jiwe jeupe la matumbawe ambalo mji wote umekaa juu yake.

"Karibu," alisema Jiwe. "Nyumba haina kiti, lakini vyumba ni vingi."

Maji akaingia, Jiwe akafunga mlango. Bahari alitafuta, akachoka, akarudi kwake. Lakini juu ya ardhi halikubaki hata tone.

Siku ya pili maziwa yalianza kumkauka Mwanaesha. Mtoto alilia mpaka sauti ikakwama, akawa anafungua mdomo tu bila kutoa mlio. Kesho yake ilikuwa arobaini, siku ya kuoshwa na kutolewa nje, na hapakuwa na maji ya kumwosha wala ya kumnywesha mama yake. Bi Mashavu alikuwa amempa mkwewe dafu la mwisho. Alisema madafu yanamkereketa koo. Haikuwa kweli.

Mwanaesha alikuwa amejilaza chini, sikio limegusa sakafu. Akasikia: to, to, to.

"Mama, kuna kitu kinadondoka huku chini."

"Ni kiu hiyo, mwanangu."

"Njoo ulale hapa usikilize."

Bi Mashavu, na magoti yake mabovu, akalala kifudifudi kando ya mkwewe. Alisikiliza kidogo tu. Akainuka, akaenda kumwita Mzee Bwanakheri.

Mzee alichimba uani, mbele ya mlango, ili Mwanaesha aone bila kutoka nje kabla ya arobaini yake. Alichimba asubuhi nzima. "Jiwe hili bishi kuliko marehemu mke wangu," alisema akihema.

"Marehemu alikuwa na haki ya kukubishia," alijibu Bi Mashavu. "Chimba."

Huko chini Maji alikuwa amemsikia mtoto kupitia ufa, kabla sauti haijamkwama. "Jiwe, naomba ruhusa niondoke. Kuna mtoto ananiita."

Jiwe akashika komeo la mlango. Alikuwa ameishi peke yake miaka isiyohesabika, na kwa siku mbili nyumba yake ilikuwa na sauti ya mtu mwingine. Hata hivyo hakumzuia mgeni. "Nenda," alisema, "lakini hakuna atokaye kwangu mikono mitupu." Na kwa kuwa hakuwa na kitu ndani, alikwangua kuta zake mwenyewe, akapata unga mweupe laini, akamfungia Maji mgongoni.

Maji yakaja juu. Mwanaesha alikunywa, akayaona mazito, kama mtu aliyelamba ukuta, lakini kufika alasiri maziwa yalikuwa yamerudi na mtoto ananyonya. Bi Mashavu akachota ndoo nyingine afue nepi. Akasugua, akasugua. Pakatokea utando tu, mweupe, wa kunata.

"Haya, na sabuni nayo imegoma!"

"Labda umeikemea sana," alisema Mzee Bwanakheri. "Sema nayo taratibu."

Wakachemsha maji mengine kwa ajili ya kumwosha mtoto. Yalipopoa, chini ya sufuria palikuwa na ukoko mweupe. Mwanaesha akaugusa kwa kidole, akauonja: ladha ile ile ya ukuta.

"Mama, hiki tumeletewa. Aliyeyatunza maji huko chini ametutumia na cha kwake."

Hapo ndipo lilipofanyika kosa, nalo lilifanywa kwa moyo mzuri. Katika mji huu, jirani akikuletea sahani, humrudishii tupu. Bi Mashavu alipekua jikoni kote. Mchele ulikwisha, unga ulikwisha, kulikuwa na konzi moja ya chumvi. Akaitia kwenye ndoo, akaishusha kisimani. "Ahsante, jirani," alisema, akiinamia shimo.

Lakini chumvi ni mtoto wa Bahari. Bahari alisikia harufu ya mwanawe, akaifuata chini kwa chini, ufa hadi ufa, mpaka mlangoni kwa Jiwe. Na Jiwe hajui kumfukuza mtu. "Karibu," alisema. "Nyumba haina kiti." Akampa Bahari vyumba vya chini, akamwekea Maji vyumba vya juu, akawaomba wasisumbuane.

Wanaishi hivyo mpaka leo. Ndiyo maana ukifungua bomba katika mji wetu, sabuni huisha kabla povu halijaonekana, na birika jipya likipata mwezi mmoja tu, ndani linavaa nguo nyeupe. Huo ni mzigo wa Jiwe, Maji bado anaubeba. Na wanaochimba visima vya pampu wakivuta kwa pupa, vyumba vya juu hubaki vitupu, Bahari akapanda ngazi, na chai asubuhi ikawa na chumvi.

Bi Mashavu hakuambiwa kosa lake. Mzee Bwanakheri alilijua alipoonja maji wiki iliyofuata, akayameza, akasema ni matamu.

Mtoto alitolewa nje siku ya arobaini na moja, kwa sababu nepi zake zilichelewa kutakata.