Kupe wa Nyuma ya Sikio

"Ukimng'oa kupe kwa pupa, kichwa hubaki." Asubuhi niliwasikia mkimcheka mama yenu aliposema hivyo, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi, katika kijiji chetu cha Ugogoni, nami nilikuwepo.

Masima alikuwa mlinzi wa josho, pale tunapowaogesha ng'ombe dawa ya kupe. Tangu utotoni jicho lake la kushoto lilikuwa likikonyeza lenyewe na bega likiruka, bila yeye kutaka. Tulikwisha kumzoea, mpaka siku moja ya kuogesha, ambapo mtamba wa baba yangu Mzee Chilongani alipotea.

"Wageni wawili walipita joshoni, Masima akawakonyeza," mtu mmoja alisema.

Neno hilo lilitosha. Kila mtu akaanza kukumbuka siku aliyokonyezwa. Wanawake wakaacha kumsalimu mkewe kisimani. Baba akaongeza miiba kwenye zizi.

Kikao kikaitwa. Masima aliketishwa katikati, wanaume wote wakamkazia macho. Kadiri walivyomtazama, ndivyo jicho lilivyozidi kukonyeza.

"Mnaona?" baba akasema. "Hata hapa anawapa ishara wenzake!"

"Wenzangu gani, mzee? Nyuma yenu kuna mbuzi tu."

Wachache walicheka. Baba hakucheka. "Lizuie basi, kama huna hila."

"Naweza kulizuia kidogo, kama mtu anavyozuia chafya. Lakini litakuja tu."

Alijaribu mpaka machozi yakamtoka. Kisha jicho na bega vikaruka mfululizo, kuliko mwanzo. Baba, aliyeongoza kikao, akatamka kwamba kabla jua halijatua, Masima na mkewe wawe wamehama.

Wakati wote huo baba alikuwa akijikuna nyuma ya sikio. Mjomba wangu akachungulia. "Shemeji, una kupe, tena ameshiba! Leteni kaa la moto tumchome."

Baba hakungoja kaa. Akapeleka kucha amkwanyue.

"Mzee, usimguse!" Masima akasema. "Ukimng'oa kwa pupa, kichwa hubaki, na kidonda kitatunga usaha. Moto nao utakuunguza wewe. Niachie mimi."

Baba akashusha mkono. Kumpa shingo mtu uliyetoka kumhukumu si jambo dogo. Mwishowe akamwambia mjomba, "Simama hapo na rungu lako."

Masima akanawa mikono, akaomba kimya, akatoa kibanio chake chembamba cha kuwatolea ndama kupe. Akamshika kupe karibu kabisa na ngozi, akamvuta polepole, moja kwa moja, bila kumzungusha wala kumminya tumbo. Ndipo nilipoona kwamba jicho lake limetulia. Bega nalo limetulia. Kupe akatoka mzima, kichwa na miguu yake, na Masima akaosha jeraha kwa maji na sabuni.

Alipoweka kibanio chini, jicho likakonyeza.

"Hapo umemkonyeza nani?" mjomba akauliza, rungu bado mkononi.

"Kupe," Masima akajibu.

Watu wakacheka, safari hii hata baba. Kisha akainamisha kichwa. "Mwanangu, sisi nasi tulikuwa tunakung'oa kwa pupa. Utusamehe."

Masima alisamehe, akabaki na josho lake. Mtamba hajaonekana mpaka leo.

Nilimshukuru Mungu kwa siku ile. Lakini nitawaambia kweli, wajukuu zangu. Miaka mingi baadaye nilikutana na Masima mnadani. Akanisalimu kwa upole, akauliza habari za baba, na jicho likakonyeza. Nami, binti wa mtu yule yule, niligeuka kutazama nani amesimama nyuma yangu.

Hapakuwa na mtu. Nilipomgeukia tena Masima, alikuwa ameona. Alitabasamu kidogo, akaniaga, akaenda zake. Hadi leo nikipiga magoti, namwomba Mungu toba kwa kugeuka kule, na kwa shaka iliyobaki ndani yangu.

Ukimng'oa kupe kwa pupa, kichwa hubaki.